SOMO LA HISTORIA: NJIA ILIYOELEKEZWA VIBAYA
(Ajali ya ndege ya tarehe 19 Septemba 1940)



Safari hii zamu ya kuandika somo imetuangukia sisi makapita wa darasa la sita. Tumechagua ajali moja ya ndege ya wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Najua, wengine watacheka: ndege na sisi wa Yangambi, wapi na wapi? Sisi tunajua mto, pirogi na baisikeli. Lakini wandugu, someni kwanza mpaka mwisho. Kijana tunayemwandika alikaa Afrika ya Mashariki, alijifunza Kiswahili, na siku ya ajali alikuwa na miaka 24 tu. Tena kuna jambo letu sisi wenyewe lililotusukuma kuandika. Tutalisema katika sehemu ya saba.

1. VITA ILIFIKA HATA KWETU

Vita ilianza Ulaya mwezi wa Septemba 1939. Tarehe 10 Mei 1940 Wajeremani waliingia Ubeljiji, na tarehe 10 Juni mwaka uleule Italia nayo ikaingia vitani upande wa Ujeremani. Wakati ule Kongo ilikuwa koloni la Ubeljiji, na Italia ilishika Libya, Eritrea, Somalia na Ethiopia. Njo maana babu zetu walioandikwa katika jeshi la Force Publique walipelekwa Ethiopia kwa njia ya Sudan. Mwaka 1941 walipigana Asosa, Gambela na Saio. Kule Saio, mwezi wa Julai 1941, Jenerali Gazzera wa Italia alijitoa mikononi mwao pamoja na jeshi lake. Kwa hiyo tusiseme kwamba vita ile ilikuwa mambo ya wazungu peke yao.

Upande wa kaskazini, Waitalia wa Libya walivuka mpaka wakaingia Misri tarehe 13 Septemba 1940. Baada ya siku tatu walifika Sidi Barrani, wakasimama pale. Waingereza walikuwa mbele yao, karibu na mji wa Mersa Matruh. Katikati ya majeshi haya mawili palikuwa na jangwa lisilo la mtu. Shikeni neno hili, tutalirudia.

2. KIJANA MWENYEWE

Jina lake Roald Dahl. Alizaliwa karibu na Cardiff, nchi ya Wales, tarehe 13 Septemba 1916. Wazazi wake walitoka Norway. Watu wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya vitabu vya watoto alivyoandika baadaye, kama kile cha Charlie na kiwanda cha chokoleti, kilichotoka mwaka 1964. Alikufa mwaka 1990. Lakini kabla ya kuandika vitabu alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell, na mwaka 1938 kampuni ilimtuma Dar es Salaam. Kule alijifunza Kiswahili, maana bila Kiswahili kazi haikwendi.

Vita ilipoanza hakungoja kuitwa. Mwezi wa Novemba 1939 alishika gari, akaenda peke yake mpaka Nairobi, safari ya karibu kilometa 1,000, akajiandikisha katika jeshi la anga la Uingereza.

3. MASOMO YA KURUSHA NDEGE

Kule Nairobi vijana walifundishwa kwa ndege ndogo inayoitwa Tiger Moth. Ndege hii ina mabawa mawili kila upande, moja juu na moja chini, na viti viwili: mwalimu anakaa kimoja, mwanafunzi kingine. Haina paa, upepo wote unapiga usoni. Dahl alikuwa mrefu sana, karibu meta 2, na kichwa chake kilipita kioo cha mbele. Baada ya saa 7 na dakika 40 za kuruka pamoja na mwalimu, aliruhusiwa kuruka peke yake.

Kiisha walipelekwa Habbaniya, nchi ya Iraki, kwa masomo makubwa zaidi. Walikaa miezi sita hivi wakiruka na ndege za Hawker Hart. Mwezi wa Agosti 1940 Dahl akawa ofisa. Alitumwa kwa kikosi namba 80, ambacho kilitumia ndege za vita za Gloster Gladiator. Hizi ni za kiti kimoja, na mwendo wake unapita kilometa 400 kwa saa. Ni mwendo mkubwa kwetu, lakini hata wakati ule Gladiator zilikuwa zimekwisha kuzeeka mbele ya ndege mpya.

Sasa sikilizeni vizuri. Gladiator ina kiti kimoja tu. Maana yake mwalimu hawezi kukaa nyuma yako na kukurekebisha. Mara ya kwanza unapoirusha, uko peke yako. Na Dahl hakupewa masomo ya pekee ya ndege hii, wala ya kupigana angani. Jeshi lilihitaji marubani upesi.

Hapo tujue jambo moja ambalo watu mingi hawalifikiri. Katika vita ile marubani hawakufa kwa risasi za adui tu. Kwa jeshi la Uingereza la ndege za kutupa mabomu peke yake, walikufa watu zaidi ya 55,000, na kati yao zaidi ya 5,000 walikufa kwa ajali za masomo, kabla ya kumwona adui hata mmoja. Na Dahl aliandika kwamba kwa kundi lao la vijana 16 walioanza Nairobi, 13 walikufa angani katika muda wa miaka miwili.

4. HESABU YA NJIA

Kabla ya kufika kwa ajali yenyewe, ni lazima tuelewe rubani wa zamani alivyotafuta njia. Alikuwa na vitu vinne: karata ya nchi, dira, saa ya mkono, na kipimo cha mwendo. Alipima kwa karata upande wa kwenda na urefu wa njia. Kama ni kilometa 150, na ndege inakwenda kilometa 300 kwa saa, alijua kwamba baada ya nusu saa atakuwa amefika. Kama upepo unapiga ubavuni, lazima aelekeze ndege kidogo upande wa upepo, la sivyo utamsukuma nje ya njia.

Kosa dogo linazaa kosa kubwa. Walimu wa ndege wanafundisha kanuni hii: ukikosea digri 1, kila kilometa 60 utakuwa umetoka nje ya njia kilometa 1. Tuchukue mfano wa kwetu. Kutoka hapa Yangambi mpaka Kisangani ni karibu kilometa 100. Rubani akikosea digri 6, hatafika Kisangani; atajikuta mbali na mji kilometa 10 hivi. Lakini hapa kwetu akipotea ataona mto. Akiufuata mto kwa kupanda, ataona Yakusu, kiisha Kisangani yenyewe. Mto hauwezi kumdanganya.

Kule jangwani hakuna mto. Hakuna barabara, hakuna miti, hakuna kijiji. Kiwanja cha ndege cha vita kilikuwa mchanga uliosawazishwa tu, na mahema machache yaliyofichwa adui asiyaone. Na kama adui hayaoni, rafiki naye ni vigumu kuyaona.

Lakini kuna kosa moja ambalo hesabu haiwezi kulitengeneza. Ni wakati mahali penyewe ulipoambiwa uende hapako. Hapo hata ukipima vizuri kabisa, hata dira yako ikiwa nzima, utafika sawasawa mahali pasipo kitu.

5. SIKU YA AJALI

Tarehe 19 Septemba 1940 Dahl na rubani mwenzake, Douglas McDonald, walipewa amri ya kupeleka ndege mbili za Gladiator kutoka Abu Sueir, karibu na mfereji wa Suez, mpaka kiwanja cha kikosi namba 80, kilometa 48 hivi kusini ya Mersa Matruh. Walisimama njiani kujaza esansi. Kituo cha mwisho kilikuwa Fouka, karibu na bahari. Dahl aliandika kwamba ni pale Fouka mkubwa wa kiwanja alimwonyesha mahali pa kikosi. Akapima njia yake, akaruka. Jua lilikuwa linakaribia kushuka.

Alifika mahali alipoonyeshwa. Hakuona kitu. Akazunguka, akatafuta huku na huku. Hakuna hema, hakuna ndege. Esansi ilikuwa inakwisha na giza lilikuwa linakuja. Kurudi Fouka haikuwezekana tena.

Sasa afanye nini? Rubani wa namna hii alikuwa na njia moja: kushuka jangwani wakati bado anaona chini. Dahl alitafuta mahali palipoonekana sawa, akapunguza mwendo, akashuka. Mguu wa ndege uligonga jiwe kubwa. Ndege ikasimamia pua, na Dahl akagonga kichwa kwa nguvu. Mfupa wa kichwa ulipasuka, pua ikavunjika, macho yakafumba asiweze kuona. Ndege ikaanza kuwaka moto. Alijikokota akatoka, akaanguka mchangani, akazimia.

McDonald alishuka salama. Hakumwacha mwenzake. Alikaa naye pale jangwani, katikati ya majeshi mawili, mpaka walipookolewa na Dahl akapelekwa Mersa Matruh. Kutoka pale alipelekwa kwa gari-moshi mpaka hospitali ya Alexandria. Alikaa wiki nyingi bila kuona kitu, na hakutoka hospitalini mpaka mwezi wa Februari 1941.

6. KOSA LILIKUWA LA NANI?

Ajali ikitokea, watu wanapenda jibu la upesi. Jibu la upesi ni hili: rubani ni kijana, alipotea, aliharibu ndege ya Leta. Kama wangesimama pale, jambo lingekwisha na aibu yote ingebaki kwa Dahl.

Marubani wa Uingereza wenyewe walikuwa na jibu lingine, la mchezo: walisema kuna vidudu vidogo vya ajabu vinavyoharibu ndege angani. Dahl alitunga hadithi ya watoto juu ya vidudu hivi mwaka 1943. Tusiwacheke. Kwetu pirogi ikizama usiku, tunaanza kumtafuta mlozi, wala hatuulizi kama mwendeshaji alikuwa na taa, au kama watu walijazwa kupita kiasi.

Lakini jeshi la anga lilifanya uchunguzi. Uchunguzi ukaonyesha kwamba Dahl alielekezwa vibaya. Mahali alipoambiwa aende hapakuwa kiwanja cha kikosi. Palikuwa lile jangwa lisilo la mtu, katikati ya Waingereza na Waitalia. Kijana alifika pale alipotumwa. Aliyekosa ni yule aliyesema “nenda pale”.

Sisi tumeona kwamba makosa yalikuwa matatu, moja juu ya lingine. La kwanza, kumpa kijana ndege asiyoizoea. La pili, kumtuma saa ambazo jua linakaribia kuzama, wala nafasi ya kurudi haipo. La tatu, kumpa mahali pasipo penyewe. Kila moja peke yake pengine lisingemwangusha. Yote matatu pamoja yalimwangusha.

Na hata habari yenyewe ilipotea njia. Mwaka 1942, Dahl akiwa Marekani, gazeti la The Saturday Evening Post lilitoa hadithi yake. Kichwa chake kilisema kwamba aliangushwa kwa risasi juu ya Libya. Maneno machache, makosa mawili: hakuna adui aliyempiga risasi, na mahali palikuwa Misri. Bila shaka habari ya kupigwa risasi inapendeza wasomaji kuliko habari ya mkubwa aliyeonyesha mahali vibaya. Baadaye, katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1986, Dahl mwenyewe aliandika kwamba ajali haikutokana na risasi.

Alipopona alirudi vitani. Mwezi wa Aprili 1941 alirusha ndege ya Hurricane mpaka Ugiriki, akapigana angani juu ya Athens, ambapo wenzake wengi walikufa. Mwisho maumivu ya kichwa yaliyotoka kwa ajali ile yalimzidi, akarudishwa Uingereza. Maana yake neno moja baya lililosemwa Fouka lilimfuata miaka.

7. JAMBO LETU SISI

Sasa tufike kwa jambo tuliloahidi.

Mwaka wa masomo uliopita, kabla ya sikukuu, tulihitaji mianzi ya kujenga kibanda cha wageni. Sisi makapita tuliwatuma wadogo wawili wa darasa la kwanza waende kuikata. Mmoja wetu aliwaonyesha njia: mkifika panapogawanyika njia mbili, shikeni mkono wa kushoto. Tulikuwa watatu pale, tukasikia wote. Kumbe njia ilikuwa ya kuume. Tena tuliwatuma saa kumi za jioni, na wote wawili walikuwa hawajamaliza hata miezi mitatu hapa. Msitu huu hawakuujua.

Walifuata tulivyosema. Giza likawashika ndani ya msitu. Mmoja alichomwa na kisiki kwa mguu, hakuweza kutembea tena. Mwenzake angaliweza kurudi kutafuta msaada, lakini yule mwenye kidonda alilia asiachwe peke yake. Wakakaa pamoja chini ya mti mpaka asubuhi, mvua ikiwanyeshea. Mtu mmoja aliyekuwa anakwenda kutazama mitego yake aliwakuta, akamleta mgonjwa mgongoni.

Waliporudi waliulizwa mbele ya wote: kwa nini mlichelewa? Wakajibu: tulifuata njia tuliyoonyeshwa. Tukaulizwa sisi. Tukanyamaza. Mmoja wetu akasema hata kwamba wadogo hawasikii. Yakaandikwa kwamba walizurura. Yule mzima alikata majani siku tatu, na yule wa kidonda alipokwisha kupona akakata siku zake tatu pia.

Tulipokuwa tunasoma habari ya Dahl kwa kutayarisha somo hili, tulifika pale jeshi lilipokubali kwamba rubani alielekezwa vibaya. Tukatazamana, hakuna aliyecheka. Jeshi kubwa, katikati ya vita, liliweza kusema: kosa halikuwa la kijana, lilikuwa la aliyemwelekeza. Sisi kwa jambo la mianzi tumeshindwa mwaka mzima.

Nabii Ezekieli alifundisha juu ya mlinzi. Mlinzi akiona upanga unakuja asipige tarumbeta, damu ya watu itatakwa mkononi mwake. Tulizoea kufikiri kwamba fundisho hili ni la wachungaji na wakubwa wa nchi. Lakini kila mtu anayepewa kuonyesha wengine njia ni mlinzi, hata kapita wa kuhesabu watu kwa mstari.

Kwa hiyo tunaandika hapa, wasome wote: wale wadogo wawili hawakuzurura. Walikwenda pale tulipowatuma. Kosa lilikuwa letu sisi watatu. Tumekwisha kwenda kwa mwalimu anayeshika kitabu cha adhabu, tukamwomba alifute neno lililoandikwa juu yao, na majani ya uwanja wa mpira tutayakata sisi siku sita, tatu kwa kila mmoja wao. Majina yetu mnayajua. Wao wenyewe tumewaomba radhi uso kwa uso. Mmoja alitusamehe mara moja. Mwingine alisema bado anafikiri. Ana haki.

Tena tumekubaliana makapita wote: tangu sasa tukimtuma mdogo mahali, kwanza tutamwuliza arudie kwa kinywa chake njia tuliyomwambia. Pili, mmoja wetu aliyekwisha kufika pale atathibitisha. Tatu, baada ya saa tisa hatutamtuma mtu msituni wala mtoni. Mtu akiona kapita anavunja kanuni hizi, atukumbushe bila woga.

Na yule mdogo aliyekaa na mwenzake chini ya mti? Jina la Dahl linajulikana dunia nzima, la McDonald linajulikana na watu wachache. Lakini kwa usiku ule wa jangwani, kazi iliyo kubwa zaidi ilifanywa na yule asiyejulikana. Ninyi mnaojua huyo mdogo wetu ni nani, mkikutana naye, mpeni mkono.

MAULIZO (ya kujibu katika vikundi)

1. Rubani anakwenda kilometa 180 na amekosea digri 4. Atakuwa mbali na mahali pake kilometa ngapi?
2. Taja makosa matatu yaliyoleta ajali ya tarehe 19 Septemba 1940. Lipi lingekuwa rahisi kuzuia?
3. Kwa nini uchunguzi wa ajali ni bora kuliko kumtafuta mlozi?
4. Soma Ezekieli mlango 33, halafu Luka mlango 10 juu ya Msamaria. Katika habari ya Dahl, nani anafanana na mlinzi asiyefanya kazi yake, na nani anafanana na Msamaria?
5. Kila mmoja ajiulize moyoni: kuna mtu aliyechukua adhabu ya kosa langu? Jibu la ulizo hili si la kuandika kwa daftari. Mwendee yeye mwenyewe.

Sisi makapita wa darasa la sita.